Mashine Isiyonguruma

Gerly Catalbas alinunua laptopu ya peso laki moja na nusu bila kumwambia mumewe. Mume alikuja kuijua pale ilipoletwa nyumbani na mtu wa vifurushi. Felmar ndiye aliyefungua mlango, ndiye aliyetia sahihi, na ndiye aliyesoma bei kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya boksi.

"Hii ya nani?" aliuliza.

"Yetu," Gerly alijibu kutoka jikoni.

"Yetu kivipi? Mimi sijaagiza kitu."

Gerly alikuja akifuta mikono, akachukua boksi, akaliweka mezani polepole kama mtu anayelaza mtoto. Felmar alimtazama akilifungua. Kilichotoka kilikuwa chembamba, cha rangi ya kijivu, baridi mkononi.

"Laki moja na nusu," Felmar alisema. "Kwa kitu chembamba kama sinia la keki."

"Usiangalie wembamba."

"Niangalie nini? Nembo? Maana hicho ndicho unacholipia, Langga, mpenzi wangu. Ya elfu arobaini na hii zinafanya kazi ile ile. Hiyo laki iliyozidi ni nembo ya mgongoni, ili watu mgahawani waione."

"Umewahi kuniona nikifanyia kazi mgahawani?"

"Na kigari?"

Fedha hizo zilikuwa za kigari cha mizigo. Kwa muda mrefu wawili hao walikuwa wakikodi gari la jirani kubebea taa na kamera, na Felmar alikwishachagua hata rangi.

"Si ukosefu wa kigari uliotuaibisha kwenye ile harusi ya Oton," Gerly alisema mwishowe.

Felmar akaliokota boksi tupu, akalipeleka nje.

Kazi yao ilikuwa filamu za harusi, na si zile za kumpa mtu baada ya mwezi. Katika mji mzima wa Iloilo watu wanataka filamu ya siku hiyohiyo. Asubuhi Felmar anampiga picha bibi harusi akipambwa, mchana anapiga ya kanisani, na jioni, wageni wakiwa bado wanakula, taa za ukumbi zinazimwa na wote wanajiona kwenye kitambaa kikubwa, na muziki juu yake, kana kwamba mambo ya mchana ule yalitokea zamani kwa watu maarufu. Felmar alipiga, Gerly alikata na kuunga. Alikuwa na ule muda mfupi tu kati ya kanisa na kitambaa, akijifungia katika kachumba kokote watakakompa.

Laptopu yao ya zamani waliinunua kwa bei ya kutupa, na mwaka wa kwanza haikuwa na neno. Kisha Felmar alipata kamera bora zaidi, picha zikawa nzito, na mashine ikaanza kulemewa. Ilipata moto kama pasi. Feni yake ilinguruma hata wahudumu wakawa wanachungulia kuuliza kuna nini. Kule Oton iliganda wakati inaitoa filamu iliyokamilika. Gerly aliizima, akaiwasha, akaanza upya. Filamu ilipokuwa tayari, wageni walikuwa wameshaaga. Waliionyesha mbele ya viti vitupu na wahudumu waliokuwa wakikunja vitambaa vya meza. Yule bibi harusi aliandika mtandaoni maneno ambayo Gerly aliyajua neno kwa neno, na simu za wateja zikapungua.

Tangu boksi lile lije, mume na mke walizungumza habari za kazi tu. Felmar hakupiga kelele. Alifanya jambo baya zaidi: alikuwa mpole. "Habari ya sinia?" aliuliza kila asubuhi, kisha akaenda zake na kikombe cha kahawa.

Ndipo ikaja harusi ya Pilar Pabiona. Mama yake, Consuelo, ambaye mji mzima ulimwita Tita Chelo, yaani Shangazi Chelo, alikuwa na maduka ya biskuti kuanzia Molo hadi Jaro, na nusu ya watu wenye majina Iloilo walikuwa wamealikwa. Ndiye aliyewapa kazi hiyo, na siku ya kupanga aliwaambia neno moja tu kuhusu familia.

"Baba yake hayupo," alisema. "Mjomba ndiye atakayemtembeza. Msiulizeulize."

Hawakuuliza.

"Hii ikienda vibaya," Felmar alisema asubuhi ya harusi, akipakia taa kwenye gari la jirani, "hatutakuwa na kigari wala wateja. Tutakuwa na sinia."

"Najua."

"Nasema tu."

"Umeshasema, Felmar. Pakia."

*

Ukumbi ulikuwa mtaa wa Mandurriao, na Gerly alipewa chumba cha kuwekea vitambaa, nyuma ya jiko. Kulikuwa na meza moja, kiti kimoja, na harufu ya kitunguu saumu kilichokaangwa. Alikaa pale akingoja, laptopu mpya mbele yake imefunguliwa. Felmar aliingia mbio kutoka kanisani, shati limelowa jasho, akamkabidhi kadi za kamera.

"Unazitia wapi?" aliuliza, akiinama kutazama pembeni mwa mashine. "Haina tundu la kadi?"

"Ina kiunganishi chake." Gerly alitoa kifaa kidogo mfukoni.

"Bei yote hiyo, tundu la kadi unanunua kando."

"Felmar, niache nifanye kazi."

Akamwacha, lakini hakwenda mbali. Alisimama mlangoni amefunga mikono, kama mtu anayesubiri daktari atoke.

Gerly alianza. Kwa mashine ya zamani, kila alipokata kipande alikuwa akingoja; picha ilikuwa ikiruka, ikisimama, ikiruka tena, naye alikuwa amezoea kukata kwa kubahatisha. Sasa alivuta kidole na picha ikafuata kidole. Alirudi nyuma, ikarudi. Bibi harusi alishuka garini, shela likashikwa na upepo, na Gerly akaona hata uzi uliolegea kwenye pindo. Weupe wa gauni ulikuwa weupe wenyewe. Ya zamani ilikuwa inaufanya wa buluu, na ilibidi akumbuke kichwani kuurekebisha. Moyo wake ulianza kutulia, na mara tu ulipotulia, aliogopa. Hata kule Oton mambo yalianza vizuri.

Alikuwa katikati ya misa wakati umeme ulipokatika.

Jikoni sufuria ilianguka. Mtu alitukana, mwingine akacheka, sauti zikauliza jenereta liko kwa nani. Felmar alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Siku zilizopita, umeme ukikatika, ile mashine ya zamani ilikuwa ikizimika papo hapo, kwa kuwa betri yake ilikwisha kufa na waliitumia imechomekwa ukutani kama friji.

"Langga," alisema kwa sauti ndogo.

"Nini?"

"Umehifadhi?"

"Bado iko hai. Tazama."

Aligeuka. Ndani ya giza la chumba kile, uso wa mkewe ulikuwa umeangazwa na kioo, na mikono yake haikuwa imesimama. Alikaribia. Akaweka kiganja juu ya mashine, upande ambao kwa ile nyingine ungemuunguza. Ilikuwa na vuguvugu tu. Aliinamisha sikio.

"Mbona haingurumi?"

"Haingurumi."

"Inafanya kazi kweli?"

"Felmar, unaona picha zinakwenda au huoni?"

Walikuwa bado hivyo jenereta lilipowaka, na muda mfupi baadaye Gerly aliunga kipande cha mwisho. Alibonyeza filamu itoke. Wote wawili walitazama ule mstari mwembamba ukijaa kutoka kushoto kwenda kulia. Felmar alikuwa hajavuta pumzi vizuri, mstari ukawa umejaa.

"Imekwisha?" aliuliza.

"Imekwisha."

"Supu haijaletwa mezani."

"Haijaletwa."

Felmar alicheka, kicheko cha mtu aliyeshindwa na kufurahi kwa pamoja. "Basi tuione."

Waliitazama wote, wamekaribiana kwenye kiti kimoja. Ilikuwa nzuri. Gerly alijua ni nzuri, kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa na nafasi ya kuchagua, si ya kunusurika. Ahadi za ndoa zilikuwa katikati. Pilar alisema maneno yake akimtazama Dexter, mumewe, sauti imekwama kidogo, kisha picha ikaenda mwisho kabisa ndani ya kanisa la Molo, kwenye nguzo yenye sanamu ya Mtakatifu Apolonia. Nyuma ya nguzo alisimama mwanamume mwenye mvi, shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, amekamata nguzo kwa mkono mmoja. Alikuwa analia bila kujificha, mdomo wazi kidogo, kama anayefuatisha maneno ya bibi harusi.

"Umemweka huyu," Felmar alisema.

"Ndiyo picha bora uliyopiga leo. Ni nani?"

"Sijui. Nilikuwa navuta lenzi kuwatafuta nyanya zake Pilar, nikamkuta. Nikadhani wewe unamjua."

"Mjomba mwingine labda."

"Labda." Felmar alisimama, akajinyoosha. Ule uzito uliomkaa kifuani siku nzima ulikuwa umemshuka. "Ngoja nikamwambie mratibu wa harusi tuko tayari. Leo atashangaa."

"Usiende kujisifu."

"Nijisifu nini? Nakwenda kutoa taarifa."

Akaenda kujisifu.

*

Aliyekuja hakuwa mratibu. Alikuwa Tita Chelo mwenyewe, amevaa gauni la rangi ya dhahabu iliyofifia, lulu shingoni, na nyuma yake Felmar akitabasamu bado.

"Nasikia imekwisha, Inday, mwanangu," alimwambia Gerly. "Mumeo anasema mmenunua mashine ya ajabu. Nataka niione kabla ya watu."

Gerly alimpisha kitini. Tita Chelo alivaa miwani, akatazama. Alitikisa kichwa kwa kuridhika alipoona maua. Alijigusa kona ya jicho alipoona mwanawe akipambwa. Kisha ikafika nguzo ya Mtakatifu Apolonia.

Hakushtuka. Alinyoosha tu kidole, akagusa kioo pale usoni pa yule mwanamume, na kidole kikaacha alama.

"Simamisha."

Gerly alisimamisha.

"Huyu mtoeni."

Felmar alikuwa ameacha kutabasamu.

"Ni nani, Tita?" Gerly aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Ni Amado. Baba yake Pilar. Alikwenda Davao kwa mwanamke mwingine, mtoto akiwa bado anavaa sare ya shule ya msingi. Sikumwalika. Sijui nani alimwambia tarehe. Mtoeni."

Kwa miaka yote ya kazi Gerly alikuwa na jibu moja kwa watu waliotaka kubadilisha vitu dakika za mwisho, na jibu hilo lilikuwa la kweli kila mara.

"Tita, samahani, hakuna muda. Kutoa upya kunachukua..."

"Mumeo amemwambia mratibu mbele yangu kwamba mashine yenu imemaliza kabla supu haijaletwa," Tita Chelo alisema. Hakupandisha sauti. "Sasa wewe unaniambia hakuna muda. Yupi kati yenu muongo?"

Felmar alitazama viatu vyake.

"Hakuna muongo, Tita," Gerly alisema.

"Basi mtoe. Weka mishumaa, weka maua, weka chochote. Watu mia tatu wako pale nje. Nimemlea yule mtoto kwa mikono hii, na leo sitakaa nitazame mtu huyo akimlilia kwenye kitambaa kikubwa watu wakinigeukia mimi." Alivua miwani. "Na Pilar asijue alikuja. Nilimwambia mwaliko ulipelekwa, baba yake hakujibu. Mnanielewa?"

Walimwelewa. Alipotoka, manukato yake yalibaki chumbani juu ya harufu ya kitunguu saumu.

"Mtoe tu," Felmar alisema.

"Nimesikia."

"Ndiye mwenye shughuli. Na ni familia yao, siyo yetu. Mtoe, tuonyeshe, twende nyumbani."

"Nimesikia, Felmar. Wewe ndiye uliyekwenda kupiga tarumbeta."

Hilo lilimchoma, akaondoka kwenda kufunga nyaya za projekta.

Gerly aliikata ile picha. Aliweka mishumaa mahali pake, akarefusha muziki kidogo ili mshono usionekane, na haukuonekana. Kazi yote haikufikia muda wa kunywa glasi ya maji ya ndimu ndogo za kalamansi. Alibonyeza, mstari ukajaa. Sasa alikuwa na filamu mbili zimekaa kando kwa kando kwenye kioo, moja yenye baba na moja isiyo na baba, zote safi, zote tayari. Laiti ingekuwa ile mashine ya zamani, angekuwa amemwambia mama yule ukweli, kwamba haiwezekani, na wote wangelazimika kukubali. Hii ilikuwa inaweza. Akakaa akiitazama, akaichukia kidogo.

Supu ilipita mlangoni kwenye troli, bakuli zikigongana.

Akafunga kioo, akachomoa waya, akaitia laptopu kwapani. Alipita jikoni, akapanda ngazi za wahudumu, na alipofika kwenye chumba cha bibi harusi alikuwa bado hajaamua atasema nini.

*

Pilar alikuwa anabadilishwa gauni la jioni. Mpambaji alikuwa na pini mdomoni.

"Manang Gerly," Pilar alisema, akimwita dada kwa heshima, "kuna tatizo na filamu?"

"Hakuna tatizo. Nina swali moja tu, la wewe peke yako."

Pilar alimtazama vizuri, kisha akamwambia mpambaji akamtafutie maji. Mlango ulipofungwa, Gerly aliweka laptopu juu ya meza ya kioo, kati ya poda na maua yaliyobaki. Alijua kabisa anachoweza kuharibu: siku ya mtu, uhusiano wa mama na mwana, na jina dogo la biashara yake na Felmar, ambalo lilikuwa ndiyo kwanza linainuka.

"Inday, mama yako ameniomba nisikuonyeshe kitu. Mimi sitaki kukuficha, na pia sitaki kukionyesha mbele ya watu kabla hujakiona. Ukisema hutaki kuona, nafunga, naondoka."

"Ni Dexter?"

"Siyo Dexter."

Pilar alikaa kwenye ukingo wa kiti, gauni likimzunguka.

"Fungua," alisema.

Picha ilifunguka palepale. Pilar aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema ahadi, kisha akaiona nguzo. Uso wake ulikaza kama wa mtu anayesoma maandishi madogo. Ilipokwisha alinyoosha mkono, akairudisha mwenyewe, akaitazama tena.

"Ilikuwa wakati gani hasa?"

"Ulipokuwa unasema ahadi. Sauti na picha ni za wakati mmoja. Sikuunga."

"Mama alisema hakujibu mwaliko."

"Hayo mimi siyajui. Ninachojua ni kwamba alikuwepo."

Pilar aliirudisha kwa mara nyingine. Kule chini mshereheshaji alijaribu kipaza sauti, wageni wakacheka kwa jambo fulani.

"Amepungua," Pilar alisema. "Zamani shati la hivyo lilikuwa linambana." Akainua macho. "Mnazo filamu mbili?"

"Mbili. Ukisema hii, ndiyo nitakayoonyesha. Ukisema nyingine, ni nyingine."

Gerly alidhani atalia, na alikuwa amejiandaa kwa hilo. Hakulia. Alichukua pini moja mezani akawa anaigeuzageuza.

"Kule chini kuna marafiki wote wa mama," alisema. "Kuna wale waliomcheka alipoachwa. Wakimwona baba pale, hawatanitazama mimi, watamtazama mama. Watahesabu hata vijiko anavyokula. Mama alikuwa anaamka alfajiri kuoka biskuti za kuuza mlangoni, Manang. Hizo za maduka zilikuja baadaye." Aliiweka pini chini. "Onyesha anayotaka yeye."

"Una hakika?"

"Sina hakika. Onyesha tu hiyo." Kisha akachukua simu yake. "Lakini hiki kipande nitumie. Sasa hivi, kabla hujatoka mlangoni."

Gerly akamtumia. Simu ililia mkononi mwa Pilar hata kabla mpambaji hajarudi na maji.

*

Taa zilizimwa kwa wakati uliopangwa. Felmar alikuwa ameunganisha waya, na Gerly alikaa nyuma ya projekta, kidole juu ya kipanya. Filamu zote mbili zilikuwa pale. Kutoka meza ya mbele, Tita Chelo aligeuza shingo, akamtafuta kwa macho, akampata. Gerly alibonyeza.

Watu walipiga vigelegele walipojiona. Walicheka mjomba alipokanyaga shela. Ahadi zilipofika, ukumbi ulitulia, na mishumaa ikaonekana mahali palipokuwa na mwanamume, mizuri, inayowaka kwa utulivu. Hakuna aliyehisi kitu. Gerly alimtazama Pilar. Alikuwa ameinamisha kichwa, haangalii kitambaa, na mwanga mdogo wa simu ulikuwa ukimwangaza kidevu. Dexter alikuwa amemshika bega.

Filamu ilipokwisha ukumbi wote ulisimama. Watu walikuja kuwaomba kadi zao za biashara. Shangazi mmoja wa Dexter alitaka kujua kama wana nafasi mwezi wa Mei. Felmar aliandika majina, akashukuru, akainama, kisha akarudi kwenye chumba cha vitambaa, akamkuta mkewe anakunja nyaya.

"Sawa," alisema. "Nimekubali. Inastahili kila senti. Niliita sinia, najuta. Umesikia, au nirudie?"

"Nilimwonyesha Pilar."

"Ulimwonyesha nini?"

"Baba yake. Nilipanda juu na laptopu, nikamwonyesha."

Felmar alifunga mlango. "Kabla ya filamu?"

"Kabla."

"Na kama angeanza kupiga mayowe? Kama angemwendea mama yake mbele ya watu?"

"Hakumwendea."

"Hukujua kwamba hatamwendea." Alikuwa ananong'ona, na mnong'ono wake ulikuwa mkali kuliko kelele. "Umecheza kamari na mkate wetu, Gerly. Mara ya pili. Kwanza fedha, sasa hili, na mara zote mbili mimi naambiwa baadaye."

Felmar alikuwa amesema kweli, na Gerly alijua.

"Na wewe ulisema hakuna tofauti kati ya ya elfu arobaini na hii," alisema. "Tofauti ndiyo hii. Ile ingetunyima muda, tungeinua mikono. Hii inatupa muda, halafu inatuuliza tutaufanyia nini. Hilo sikulifikiri nilipoinunua. Nilifikiri naondoa tatizo."

"Turudi kwenye ile ya zamani basi?"

"Hapana. Sitaki kurudi Oton."

"Basi ina thamani yake au haina?"

"Nakuambia sijui, Felmar."

Mlango ulibishwa, na kabla hawajajibu ukafunguliwa. Ilikuwa Tita Chelo. Lulu alikuwa amezivua, amezishika mkononi. Felmar alisogea mbele, nusu ya mwili wake ikimkinga mkewe, akiwa na hasira naye bado.

"Pilar yuko kule kwenye maegesho," Tita Chelo alisema. "Anaongea na simu. Nilipomkaribia nilisikia anasema Tay, anamwita baba." Alimtazama Gerly juu ya bega la Felmar. "Ulimwonyesha."

"Ndiyo, Tita."

"Nilikuambia usimwonyeshe."

"Uliniambia. Nilimwonyesha, na yeye ndiye aliyeniambia nionyeshe ile unayoitaka wewe. Nilikuwa na zote mbili. Alichagua yako."

Nje muziki wa kucheza ulikuwa umeanza, na sakafu ilitetemeka kidogo chini ya miguu yao.

"Alisema nini?"

"Alisema uliamka alfajiri kuoka biskuti."

Mama yule alisogeza kiti, akaketi. Kwa muda alikuwa akizipitisha lulu kwenye vidole, moja moja. Felmar alimtazama mkewe, kwa macho akimuuliza wafanye nini.

"Haya," Tita Chelo alisema. "Nionyeshe tena."

"Filamu yote?"

"Ile picha tu."

Gerly alifungua laptopu. Ilikuwa pale pale alipoiacha. Amado alishika nguzo, shati lake limepigwa pasi, midomo ikifuata maneno ya binti yake. Tita Chelo hakuvaa miwani. Alisogeza uso karibu na kioo hadi pumzi yake ikaacha ukungu. Picha ilikwisha, Gerly akairudisha bila kuambiwa, ikacheza tena.

"Amezeeka," Tita Chelo alisema.

Akainuka, akavaa lulu zake, vidole vikitafuta kifungo shingoni hadi Felmar alipomsaidia. Mlangoni aligeuka nusu.

"Hiyo msiifute," alisema, akarudi kwa wageni wake.